Moto wa Mafuta Usio na Moshi: Mwongozo Kamili, Kutoka Kibatari Hadi Kichomeo cha Utambi wa Mviringo

Washa kibatari, kisha pitisha ukingo wa kisahani cheupe katikati ya mwali. Kitatoka cheusi papo hapo. Sasa kishike juu kidogo ya ncha ya mwali uleule, pale mwanga unapokoma. Ikiwa utambi umefupishwa vya kutosha, kitatoka safi au karibu na safi. Masizi yaliyokuwa katikati yameungua njiani.

Kila mwali wa manjano una masizi ndani yake, na ndiyo yanayotoa mwanga. Kwa hiyo taa inayofuka na taa isiyofuka zote zinatengeneza masizi. Tofauti ni kwamba moja inayamaliza yakiwa bado ndani ya moto, na nyingine inayaachia. Ukishaliona hilo, marekebisho yote yaliyomo humu yanakuwa kazi moja tu: kuufanya mwali uwe mwembamba, kuupa hewa pande zote mbili, na kuuacha uwe moto hadi umalize kazi yake kabla ya kugusa kitu baridi.

Moshi unatoka wapi

Mafuta hayaungui yakiwa majimaji. Joto la mwali huyageuza kuwa mvuke kwenye ncha ya utambi, mvuke hupanda, na ukipata joto zaidi bila oksijeni huvunjikavunjika na kuacha chembe za kaboni. Chembe hizo zinaweza kuungua zote, lakini zinataka vitu vitatu kwa wakati mmoja: oksijeni, joto la kama nyuzi 1000 za Selsiasi au zaidi, na muda. Kimoja kikikosekana, unapata moshi.

Katika mwali wa kibatari, hewa iko nje tu. Inaingia kwa kupenya polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati, na hapa pana jambo linalowaponyoka wengi: mwali ukinenepa mara mbili, muda wa hewa kufika katikati hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana kuongeza unene wa utambi ili kupata moto mkubwa huleta moshi mwingi kuliko joto. Tambi tatu nyembamba zilizotenganishwa huwaka kwa usafi, ilhali utambi mmoja mnene wenye pamba ileile hufuka.

Kiasi cha hewa chenyewe ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Kilo 1 ya mafuta ya taa inataka takriban kilo 15 za hewa ili iungue yote, yaani lita moja ya mafuta hula hewa ya kama meta za ujazo 10. Hewa hiyo ipo chumbani, lakini kazi ya kuifikisha kwenye mvuke kwa wakati ni ya kichomeo.

Mafuta nayo yanatofautiana. Maabara hupima tabia ya kufuka kwa njia rahisi sana: huyawasha katika taa ndogo ya utambi, huinua mwali hadi moshi uanze kuonekana, kisha hushusha kidogo na kusoma urefu wa mwali kwa milimita. Mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, kwa kawaida hutakiwa kufika milimita 25 kabla ya kufuka. Kwa utambi ulio wazi usio na kioo wala bomba, mwali mrefu kuliko huo ni moshi unaoutafuta mwenyewe.

Kuhusu joto, tenganisha mambo mawili. Kiasi cha joto kinategemea gramu za mafuta zinazoungua kwa saa, na hakuna ufundi wa kukwepa hesabu hiyo. Ukali wa joto ni jambo jingine: ni joto lilelile kubanwa katika nafasi ndogo, bila hewa baridi ya ziada kulipoza. Na masizi yenyewe hayapotezi joto jingi kama yanavyoonekana. Hasara kubwa ni joto linalopita kando ya sufuria na kwenda zake. Kwa hiyo ukitaka maji yachemke haraka, sketi ya bati kuzunguka sufuria, yenye nafasi ya milimita 7 hivi kati yake na ubavu wa sufuria, inaweza kukusaidia kuliko kuhangaika na kichomeo wiki nzima.

Kwanza rekebisha ulichonacho

Kabla ya kukata bati lolote, jaribu haya kwenye chemli au jiko la tambi ulilonalo. Mara nyingi tatizo linaishia hapa.

Kausha utambi. Pamba yenye unyevu hainyonyi mafuta vizuri, hivyo ncha hukauka, huungua yenyewe na kutengeneza makaa. Utambi mpya uanike juani, kisha uuache kwenye mafuta nusu saa kabla ya kuuwasha mara ya kwanza.

Kata ncha kwa mkasi mkali, iwe sawa kabisa. Kwa utambi bapa, punguza pembe mbili kidogo sana, maana pembe hutoa ndimi mbili ndefu zinazofuka hata kama katikati ni pazuri. Uzi mmoja uliochomoza unatosha kuharibu mwali mzima.

Safisha matundu yaliyo chini ya kichomeo. Wadudu, vumbi na mabaki ya utambi huziba hapo, na ndipo hewa yote inapoingilia. Watu husugua kioo kila siku na kusahau matundu mwaka mzima.

Ongeza urefu wa kioo ikiwa taa yako ina kioo. Bomba la bati la sentimita 10 au 15 lililokaa juu ya kioo huongeza mvuto wa hewa. Usitarajie miujiza: ukirefusha bomba mara mbili, kasi ya hewa hupanda kwa kama asilimia 40 tu, na ukizidisha, mwali huanza kuruka na kukatika kwenye utambi. Kioo chenyewe kiwe cha taa. Chupa au gilasi iliyokatwa hupasuka, kwa sababu kioo cha kawaida hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya kile cha borosiliketi, yaani kioo cha kuhimili joto.

Wazo la mviringo

Mabadiliko makubwa kabisa katika taa za mafuta yalikuja kama mwaka 1780, pale Aimé Argand, Mswisi wa Geneva, alipokunja utambi bapa ukawa bomba na kuruhusu hewa ipande katikati yake. Mwali ukawa pete nyembamba yenye hewa ndani na nje, na kioo juu yake kikavuta hewa. Alipata hataza Uingereza mwaka 1784. Taa yake ilitoa mwanga wa mishumaa kadhaa bila moshi, kwa mafuta ya mimea na ya nyangumi, miaka mingi kabla ya mafuta ya taa kuwapo.

Kwa taa ya mwanga, Argand alitaka masizi yang'ae kisha yaungue. Kwa joto tunataka kwenda hatua moja mbele: mvuke upate hewa mapema kiasi kwamba masizi yasiundwe kabisa, na mwali uwe wa buluu. Njia yake ni silinda mbili zenye matundu madogo, moja ndani ya nyingine, na mvuke ukipanda katikati yao. Kila tundu linarusha uzi mwembamba wa hewa ndani ya mvuke. Ndivyo majiko mengi ya mafuta ya tambi yanavyofanya kazi, na ndicho tutakachotengeneza.

Vipimo, na kwa nini ni hivyo

Kichomeo hiki kinalenga kama kilowati 1, yaani gramu 83 hivi za mafuta ya taa kwa saa. Hesabu inaenda hivi. Gramu 83 zinahitaji kilo 1.25 za hewa kwa saa. Ongeza nusu yake, kwa kuwa hakuna kichomeo kinachochanganya kikamilifu, na unapata karibu kilo 1.9, ambayo ni kama nusu lita ya hewa kila sekunde. Silinda ya moto ya kimo cha sentimita 10 huvuta hewa kupitia matundu kwa kasi ya kama sentimita 70 kwa sekunde. Gawanya, na eneo la matundu yote linakuja kwenye sentimita za mraba 6 au 7.

Hiyo ni sawa na matundu zaidi kidogo ya 200 ya milimita 2. Ukiyapanga kwa umbali wa sentimita moja moja kwenye silinda mbili za ukubwa nitakaoutaja, idadi hiyo inajileta yenyewe. Usitoboe matundu makubwa machache ili kuokoa muda. Tundu kubwa hurusha mkondo mnene wa hewa unaopoza mwali upande mmoja na kuuacha upande mwingine ukikosa.

Unahitaji:

- bomba la ndani la chuma, kipenyo cha nje milimita 25, wazi pande zote mbili;
- bomba la nje, kipenyo cha ndani milimita 33;
- tangi pana na fupi la chuma, kipenyo kama sentimita 13, kimo sentimita 6, lenye mfuniko unaozibika;
- bati la chuma kisichoshika kutu la silinda mbili na koti la kuzizunguka, au makopo ya chakula kama ni ya majaribio;
- utambi wa pamba wa unene wa milimita 4 hivi, upana wa sentimita 9, urefu wa sentimita 12.

Bati lililopakwa zinki usilitumie popote karibu na moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake ukiuvuta hukuletea homa. Alumini nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, ambazo silinda ya moto inazifikia, hivyo kopo la soda halifai. Makopo ya chakula mara nyingi yana rangi au plastiki nyembamba ndani. Yachome nje, mbali na watu, kabla ya kuyatumia, na ujue yatatoboka baada ya muda.

Hatua ya kwanza: tangi na mabomba

Toboa sakafu ya tangi katikati, kipenyo cha bomba la ndani. Simamisha bomba hilo lipite tangi lote, ncha ya chini ikiwa sambamba na sakafu, na ya juu ikitokeza sentimita 4 juu ya mfuniko. Chomelea kwa gesi kwa fimbo ya shaba. Risasi ya kulehemu huyeyuka chini ya nyuzi 200, na ingawa sakafu ya tangi inatakiwa kuwa baridi, sitaki kiungo kinachozuia mafuta kitegemee neno "inatakiwa".

Bomba la nje linapita kwenye mfuniko na kuchomelewa hapo. Literemke ndani hadi libaki milimita 5 tu kufika sakafuni, na juu liwe sawa na bomba la ndani. Kuliteremsha hivyo kuna maana: mafuta yenyewe yanaziba njia kati ya mvuke ulio juu ya mafuta na moto, huku yakiingia kwenye utambi kutokea chini.

Kwenye mfuniko, mbali na bomba kadiri inavyowezekana, weka tundu la kujazia lenye kifuniko cha skrubu, na pembeni yake tundu la pumzi la milimita 2. Bila tundu la pumzi, mafuta yakipungua tangi hujivuta na moto hufifia bila sababu inayoonekana.

Tangi liinuliwe kwa miguu mitatu ya sentimita 4, maana hewa ya katikati inaingilia chini. Ukiliweka juu ya kitambaa au mchanga laini, umelikaba.

Jaza maji na uache usiku kucha juu ya karatasi. Kama karatasi ni kavu asubuhi, mwaga maji na ulikaushe kabisa.

Hatua ya pili: utambi

Kunja utambi ulizunguke bomba la ndani, kingo mbili zikutane bila kupandana, na uzishone kwa uzi wa pamba. Ukingo uliopandana ni sehemu nene, na sehemu nene hufuka. Usukume katikati ya mabomba mawili. Usogee kwa kubanwa kidogo: ukilegea hushuka wenyewe, ukibanwa sana haunyonyi. Kitambaa chochote chenye nailoni au poliesta hakifai, kinayeyuka na kuziba. Ukipata kamba bapa ya fibaglasi, ishone kama sentimita 2 za juu na pamba iwe mkia wake. Fibaglasi haiungui, kwa hiyo ncha haibadiliki kila siku.

Anza na milimita 5 za utambi juu ya bomba. Kichomeo hiki hakina gurudumu la kupandisha na kushusha. Unaweza kuhamisha moja kutoka jiko la zamani, lakini kwa mara ya kwanza naona heri utambi tulivu: unajifunza kichomeo kinavyotenda bila kuongeza mlango mwingine wa kuvuja.

Hatua ya tatu: silinda na koti

Silinda ya ndani: kipenyo milimita 25 au 26, kimo sentimita 10, matundu ya milimita 2 kila sentimita moja. Juu yake ifunikwe kwa bati bila tundu. Inakaa juu ya bomba la ndani, hivyo hewa yote inayopanda katikati inalazimika kutoka kupitia matundu na kuingia kwenye mvuke. Ukiiacha wazi juu, hewa inapita moja kwa moja hadi kwenye sufuria na kuipoza.

Silinda ya nje: kipenyo milimita 48, kimo kilekile, matundu yaleyale. Kati ya silinda mbili inabaki nafasi ya kama milimita 11. Hii ndiyo nafasi ya moto, na ndiyo kipimo ambacho usikichezee. Ikipungua chini ya milimita 8 mwali unakabwa. Ikizidi 15 hewa ya matundu haifiki katikati na manjano inarudi.

Tengeneza sahani ya bati ya kipenyo cha sentimita 8 na tundu katikati, uivalishe bomba la nje milimita 4 chini ya ncha. Silinda ya nje inasimama juu yake, na sahani hiyo pia inalikinga tangi na joto linalomulika chini.

Koti ni silinda ya tatu, milimita 75, haina matundu. Lisimame juu ya miguu midogo ya sentimita moja ili hewa iingie chini yake, ipande ikipata joto ukutani, kisha ipenye kwenye matundu ikiwa tayari ya moto. Juu, unganisha koti na silinda ya nje kwa pete bapa ya bati inayoziba nafasi kati yao. Bila pete, hewa inapita juu na kutoka bila kufanya kazi. Funga waya mrefu kwenye koti uwe mkono wa kunyanyulia.

Hatua ya nne: mahali pa sufuria

Uzito wa sufuria usiwe juu ya kichomeo. Tengeneza stendi ya miguu mitatu inayosimama sakafuni.

Umbali kati ya mdomo wa silinda na kitako cha sufuria una kanuni rahisi: usiwe chini ya robo ya kipenyo cha mdomo. Kwenye robo hiyo, njia ya gesi kutoka pembeni ina eneo sawa na mdomo wenyewe. Mdomo wetu ni milimita 48, kwa hiyo 12 ndiyo ukomo; weka 15 hadi 20. Wengi husogeza sufuria karibu zaidi wakidhani wanaokoa joto. Wanachopata ni mwali unaopoa ghafla kwenye chuma, kitako cheusi, na kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu.

Kuwasha mara ya kwanza

Fanya nje, mahali pasipo na upepo. Jaza mafuta hadi yabaki sentimita moja kufika mfuniko, futa kila tone lililomwagika, funga, subiri nusu saa utambi unyonye. Nyanyua silinda na koti, washa utambi mviringo wote, zirudishe.

Dakika za mwanzo mwali utakuwa wa manjano, mrefu na mchafu. Usirekebishe kitu. Silinda ni baridi, na chuma baridi kinaula mwali. Baada ya dakika tatu hadi tano ndimi zitashuka ndani, utasikia mvumo mdogo, na manjano itaanza kugeuka buluu kutoka chini. Silinda ya nje ikianza kuiva na kuwa na wekundu hafifu, umefika.

Kisha usiondoke. Chuma kikipata joto, mafuta ya kwenye utambi huvukizwa haraka zaidi, na mwali uliokuwa mzuri dakika ya tano unaweza kuwa mkubwa mno dakika ya kumi na tano. Kaa nao nusu saa.

Wakati huo liguse tangi mara kwa mara. Mafuta ya taa yanaweza kutoa mvuke wa kudaka moto kuanzia nyuzi 38, ambazo ni karibu sawa na joto la mwili wako. Mkono wako basi ni kipimo kizuri kuliko vingi: tangi likihisi baridi au vuguvugu hafifu, endelea. Likihisi joto, zima na ongeza kinga, kwa mfano sahani ya pili chini ya ile ya kwanza yenye nafasi ya sentimita moja katikati.

Kuzima, usipulize. Kopo fupi la kipenyo cha sentimita 4 na kimo cha sentimita 1 na nusu ndilo kofia ya kuzimia: nyanyua koti kwa waya, iondoe silinda ya ndani kwa koleo, weka vyote kwenye jiwe au mchanga, kisha funika utambi. Gesi ikikosa pa kutokea, moto hufa mara moja. Moshi mweupe unaofuata ni mvuke wa mafuta, usiuvute.

Kusoma mwali

Ndimi za manjano zinazotokeza juu ya mdomo pande zote zinasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Shusha utambi hadi milimita 3. Kama bado, angalia pete ya juu na njia ya hewa chini ya tangi.

Manjano upande mmoja tu ni utambi usio sawa, au silinda ya ndani iliyokaa upande. Hili la pili ni la kawaida mno. Tengeneza vijipini vitatu vya kuiweka katikati.

Mwali unaoruka, unaokatika na kurudi, una hewa baridi nyingi au upepo. Ziba upepo kwanza kabla ya kulaumu matundu.

Buluu nzuri lakini macho yanawasha na kuna harufu kali: mvuke unatoroka bila kuungua, mara nyingi kwa sababu utambi uko chini mno na moto ni mdogo kuliko silinda zinavyotaka. Kichomeo cha namna hii hakipendi kushushwa sana. Mtu anayetaka moto mdogo atengeneze kichomeo kidogo.

Kupasukapasuka kama mahindi kikaangoni ni maji kwenye mafuta. Mwaga yote, kausha tangi na utambi.

Kutoona moshi hakukuhakikishii usalama. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaweza kutoka kwenye mwali wa buluu unaopozwa na sufuria. Dirisha na mlango viwe wazi kila unapotumia ndani, na usilale moto ukiwaka.

Mafuta ya kula

Mafuta ya mimea yana sifa moja nzuri sana: hayatoi mvuke wa kudaka moto hadi yafike karibu nyuzi 300, kwa hiyo taa ikianguka ni rahisi zaidi kuizima. Ubaya wake ni mnato. Yanatiririka kwa uzito wa mara 20 au zaidi ya mafuta ya taa, na utambi hauwezi kuyapandisha mbali. Uso wa mafuta uwe si zaidi ya sentimita 2 au 3 chini ya moto, jambo linalomaanisha tangi pana kama sinia na mabomba mafupi. Mafundi wa zamani walipambana na hilohilo: mwaka 1800 Carcel, mtengeneza saa wa Paris, aliweka pampu inayoendeshwa kwa mashine ya saa ndani ya taa ili mafuta yafurike kwenye utambi muda wote.

Silinda za matundu kwa mafuta haya hazitakupa buluu safi. Tumia utambi wa mviringo wenye hewa katikati, bomba la juu la sentimita 20, na ukubali mwali mfupi wa manjano usiofuka. Ncha itajenga makaa. Ikate kila baada ya saa chache. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yachujwe kwa kitambaa na yaachwe yatulie siku mbili, kwani chumvi na unga hukaa utambini. Joto kwa gramu pia ni pungufu kidogo, kama kilojuli 37 dhidi ya 43 za mafuta ya taa.

Kuyachanganya na mafuta ya taa nusu kwa nusu kunayalainisha, lakini mchanganyiko huo unadaka moto karibu kama mafuta ya taa yenyewe, hivyo uhifadhi na uujaze kwa tahadhari zilezile. Petroli usichanganye na chochote, hata kijiko. Mvuke wake unadaka moto hata penye barafu, na mafuta ya taa yaliyochakachuliwa nayo yamelipua taa nyingi. Usijaze tangi lenye moto au ambalo halijapoa. Moto wa mafuta ukitoka nje ya kichomeo, ufunike kwa mfuniko, mchanga au blanketi zito, maji huusambaza.

Wapo watakaouliza kuhusu jiko la kupampu, lile ambalo Lindqvist wa Stockholm alilianza mwaka 1892, ambamo mafuta hugeuzwa gesi ndani ya bomba la moto na kutoka kwa shinikizo. Ndiyo, lina moto mkali kuliko utambi wowote. Lakini tangi lenye shinikizo na mafuta ndani yake si kazi ya makopo na koleo. Nunua lililotengenezwa kiwandani.

Pima, usikisie

Weka kichomeo kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuwasha na baada ya saa nzima. Gramu zilizopungua zidishe kwa 12 upate wati, kwa mafuta ya taa. Gramu 83 ni wati 1000 hivi. Ukikuta 40, una nusu ya moto uliokusudia, hata kama unaonekana mkali.

Kisha chemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20, ukiwa umepima uzito mwanzo na mwisho. Maji yenyewe yanahitaji kilojuli 335. Nusu ya joto ikiingia sufuriani, utatumia gramu 16 za mafuta. Ukitumia 25, joto linapita kando: weka sketi, tumia sufuria pana, pima tena. Badilisha kitu kimoja kwa kila kipimo. Ukibadilisha utambi, umbali wa sufuria na sketi kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Baada ya kila matumizi kadhaa, kichomeo kikiwa baridi, kwangua makaa ya ncha kwa kisu butu, ukate nyuzi zilizochomoza, na upitishe sindano kwenye matundu ya safu ya chini ya silinda, ambayo huziba kwanza. Utambi wa pamba ukifupika hadi mkia wake usifike sakafu ya tangi, ubadilishe mzima. Usiache tangi likauke utambi ukiwaka, maana hapo pamba ndiyo inayogeuka kuwa mafuta.